Dawa ya Kichina ya kumbukumbu: ni ipi hasa?

Katika maduka mengi ya virutubisho, Kariakoo kama Nairobi, utakuta chupa yenye picha ya jani lililochanua kama pepeo. Ni jani la mti uitwao ginko. Mwambie muuzaji kwamba mzee wako nyumbani ameanza kusahau, mkono wake utakwenda moja kwa moja kwenye chupa hiyo. Hii ni dawa ya Kichina, atakwambia, wenyewe wanaitumia tangu enzi na enzi, inapandisha damu kwenye ubongo.

Mti ni wa China kweli. Dawa si ya China. Matabibu wa Kichina wa zamani walitumia zaidi mbegu za ginko, na waliwapa watu wenye kikohozi na pumu, si wasahaulifu. Hata hizo mbegu walizitoa kwa tahadhari, maana zikiliwa nyingi huleta degedege, hasa kwa watoto. Waliogeuza majani kuwa kidonge cha ubongo ni Wajerumani, kampuni ya Schwabe, kuanzia miaka ya 1960. Walikamua majani makavu, wakapunguza asidi zinazodhuru, wakaweka vipimo vya kudumu: asilimia 24 ya flavonoidi na asilimia 6 ya kundi jingine la kemikali liitwalo terpeni. Kamuo hilo linaitwa EGb 761, na tafiti kubwa za ginko unazozisikia zilifanywa kwa hilo.

Nimeanzia hapo kwa sababu mjadala wa mitishamba ya Kichina na ubongo wa uzeeni umevurugikia papo hapo. Watu wanabishana kama "dawa ya Kichina" inafanya kazi au haifanyi, na kumbe jina hilo limebeba vitu vitatu visivyofanana. Kuna mchanganyiko wa mitishamba ambao tabibu humwandikia mgonjwa mmoja baada ya kumkagua. Kuna kemikali moja iliyochomolewa kwenye mmea na wataalamu wa maabara. Halafu kuna chupa ya dukani. Kila kimoja kina historia yake na ushahidi wake, ila sifa za kimoja hukopwa kila siku kuuzia kingine.

Tunazungumzia ugonjwa gani?

Kusahau ulipoweka miwani si ugonjwa. Wala si ugonjwa jina la mtu likikuponyoka asubuhi na kukurudia jioni ukiwa unakoga. Demensia ni pale mtu anaposhindwa mambo yaliyoendesha maisha yake: mama anayesimama mbele ya sufuria asijue kinachofuata katika pilau aliyoipika tangu usichana wake, au mzee anayetoka msikitini akapotelea mtaa wa pili kutoka kwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hiyo, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tusidhani ni maradhi ya Wazungu waliozeeka sana. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kijiji kwa kijiji wakiwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kiwango cha asilimia 6.4. Hiyo ni karibu mzee mmoja katika kila 16. Kwa desturi yetu mzee wa namna hiyo huambiwa amerudi utotoni, na habari inaishia hapo.

Chini ya jina demensia kuna magonjwa kadhaa. Kubwa ni Alzheimer, ambalo huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alilieleza mwaka 1906 baada ya kuchunguza ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabonge ya protini yamejikusanya baina ya seli, na nyuzi zimejisokota ndani ya seli zenyewe. Linalofuata ni la mishipa ya damu. Presha na kisukari huharibu mishipa midogo ya ubongo kidogo kidogo, au kiharusi hukata sehemu yake kwa mkupuo. Wazee wengi wana yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana kauli ya "inapandisha damu kichwani" haitoshi hata kabla hatujauliza kama ni ya kweli. Katika Alzheimer kinachokufa ni seli, na kupungua kwa damu inayofika kichwani si chanzo pekee.

Bahari ya uboho

Sasa twende kwa Wachina wenyewe. Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha tiba yao kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, kinauita ubongo "bahari ya uboho". Uboho huo hutokana na jing, yaani akiba ya uhai ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo hutunzwa na figo. Figo wanayoisema wao si kile kiungo cha kutengeneza mkojo tu. Ni mfumo mzima unaobeba ukuaji, uzazi, mifupa, masikio na uzee. Umri ukienda, akiba inapungua, uboho unakosa wa kuujazia, na bahari inakupwa. Hiyo ni njia ya kwanza ya mtu kusahau. Njia ya pili ni kuziba: makohozi mazito, au damu iliyotuama, hufunga milango ambayo fahamu hupitia. Kwa hiyo tabibu ana kazi mbili, kujaza na kuzibua, na mara nyingi hufanya zote.

Wazee wa pwani waliowahi kusikia habari za belghamu na safura hawatashangaa sana. Tiba iliyotufikia kupitia Waarabu nayo iliusoma mwili kwa mizani ya namna hiyo.

Mapokeo hayo hayakuwa jiwe moja lisilosogea. Kwa karne nyingi Wachina waliamini kwamba fahamu hukaa moyoni. Li Shizhen, mtaalamu wa dawa wa karne ya 16 ambaye kitabu chake cha dawa 1,892 kilichapishwa mwaka 1596 akiwa ameshafariki, aliandika kwamba ubongo ndio makao ya roho. Halafu akaja Wang Qingren, mtu mbishi kwelikweli. Mwishoni mwa karne ya 18, wakati wa mlipuko wa ugonjwa, alikwenda kuangalia maiti za watoto zilizozikwa juujuu zikafukuliwa na mbwa, ili aone kwa macho yake viungo ambavyo vitabu vilivisimulia. Mwaka 1830 akachapisha kitabu cha kuwasahihisha waliomtangulia. Humo alisema waziwazi kwamba kumbukumbu iko kwenye ubongo na si moyoni, na kwamba wazee husahau kwa sababu uboho wa ubongo unaelekea kuwa mtupu. Anayesema tiba ya Kichina haijabadilika miaka elfu mbili hajasoma habari za Wang.

Na dawa je? Karne ya saba, tabibu Sun Simiao aliandika mchanganyiko wa vitu vinne kwa ajili ya usahaulifu na moyo usiotulia, unaojulikana kama Kaixinsan: mzizi wa ginsengi, uyoga uitwao fuling unaoota kwenye mizizi ya misonobari, mzizi wa yuanzhi, na shina la chini la shichangpu, mmea wenye harufu kali unaoota kando ya vijito. Viwili vya kwanza hujaza, viwili vya mwisho huzibua. Mzizi wa yuanzhi una kazi yake kabla haujaingia chunguni: hupondwa, kile kijiti cha katikati kikachomolewa na kutupwa, likabaki ganda tu, ambalo mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya urukususu ili lisichokoe koo na tumbo. Kisha mitishamba yote hulowekwa, huchemshwa mara mbili, maji ya kwanza na ya pili yakachanganywa, na mgonjwa hunywa yakiwa vuguvugu.

Hakuna ginko humo.

Wala mchanganyiko haufuati jina la ugonjwa peke yake. Chukua bibi wawili waliopewa jibu lile lile hospitalini, Alzheimer ya awali. Mmoja ni mwembamba, miguu yake ya baridi, magoti yanamlegea, usiku anaamka mara tatu kwenda haja ndogo, ulimi wake umepauka. Mwingine ni mnene, anasinzia mchana, kifua kinakoroma, ulimi umevaa utando mzito mweupe. Tabibu wa Kichina akishika mapigo yao na kuangalia ndimi zao, atamwandikia wa kwanza dawa za kujaza figo na wa pili dawa za kuondoa makohozi. Baada ya majuma mawili atawaita tena na kubadilisha. Huo ndio utabibu wenyewe, na mtu anaweza kuukubali au kuukataa. Lakini chupa moja inayouzwa kwa kila mzee, kwa picha ya jani, haina haki ya kujinasibu nao.

Njia ya maabara

Kitu cha pili, yaani kemikali moja kutoka kwenye mmea, kina mfano ambao Afrika Mashariki tunaujua kuliko wengi. Tu Youyou, mtafiti wa Beijing aliyekuwa katika mradi wa kijeshi wa kutafuta dawa ya malaria ulioanzishwa mwaka 1967, alisoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne. Humo mgonjwa wa homa anaelekezwa aloweke majani ya qinghao, jamii ya pakanga, kwenye maji, ayakamue na kunywa. Kukamua, si kuchemsha. Tu akahisi kwamba joto lilikuwa likiharibu dawa, akatumia kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, na ndipo artemisinini ikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ya mseto tunayomeza zahanati imetokana na kazi hiyo.

Kila anayeuza mitishamba ya ubongo huutaja mfano huo, na hoja yake inaonekana nzuri: kama Wachina walitupa dawa ya malaria, kwa nini wasitupe ya kusahau? Jibu ni kwamba malaria ina mdudu. Unaweza kuhesabu vimelea kwenye damu leo na kesho, ukajua dawa inaua au haiui. Demensia huchukua miaka kumi, ishirini, kujijenga kabla haijaonekana, hupanda na kushuka siku hadi siku, na kipimo kikubwa cha dawa ni maswali: leo tarehe ngapi, hiki kinaitwaje, rudia maneno haya matatu. Mgonjwa aliyelala vizuri jana hujibu vizuri zaidi leo, dawa au si dawa.

Hata hivyo njia hiyo ilijaribiwa, tena kwa bidii. Katika miaka ya 1980 wanakemia wa China walichomoa huperzini A kutoka kwenye mmea mdogo wa misituni, Huperzia serrata. Kemikali hii ina kazi inayoeleweka. Seli za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu huwasiliana kwa asetilikolini, na kuna kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini mara tu ujumbe unapofika. Katika Alzheimer asetilikolini hupungua, kwa hiyo ukikizuia kimeng'enya, kile kidogo kilichobaki hudumu zaidi. Huperzini hufanya hivyo, na China iliiruhusu kama dawa katika miaka ya 1990.

Ajabu yake ni kwamba mmea huu nao haukuwa dawa ya kumbukumbu katika mapokeo. Watu waliutumia kwa majeraha ya kuvilia damu, uvimbe na homa. Kwa hiyo "dawa za Kichina za ubongo" mbili zilizovuma kuliko zote duniani, jani la ginko na huperzini, hazikutoka kwenye orodha ya kale ya dawa za usahaulifu. Zile za orodha hiyo, yuanzhi na shichangpu, mtu wa kawaida hajawahi hata kuzisikia.

Je, huperzini inasaidia? Wachambuzi waliokusanya majaribio mwaka 2008 walipata sita, yenye wagonjwa 454 kwa jumla. Matokeo yalielekea kuwa mazuri, lakini mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lenye wagonjwa 210 kwa majuma 16. Dozi ya mikrogramu 200 mara mbili kwa siku haikuwatofautisha na waliomeza kidonge kisicho na dawa. Dozi maradufu ilitoa dalili ya matumaini, dalili ambayo peke yake haitoshi kuandikia dawa.

Donepezili, dawa ya hospitali inayotumika sana, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kuzuia kimeng'enya, na faida yake nayo ni ndogo: huwapunguzia baadhi ya wagonjwa makali kwa muda, haisimamishi ugonjwa. Wenzake wawili wana asili ya mimea. Galantamini ilianzia kwenye ua dogo jeupe la Ulaya. Rivastigimini ilibuniwa kwa kufuata kemikali ya haragwe la Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria, ambako Waefik walimnywesha mshukiwa wa uchawi: akitapika hana hatia, akifa ndiye. Kwa hiyo mmea wa Afrika, tena sumu ya kiapo, umefika kwenye kabati la dawa za Alzheimer kwa njia iliyonyooka kuliko ginko. Hilo hulioni kwenye matangazo.

Ginko kwenye mizani

Turudi kwenye chupa. Ginko ina bahati ambayo mitishamba michache huipata: ilipimwa kwa gharama kubwa. Marekani walichukua wazee 3,069 wa miaka 75 na kuendelea, wakawagawa kwa kura. Nusu walimeza miligramu 120 za kamuo la ginko asubuhi na jioni, nusu wakameza vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliopata demensia ni 277 kwenye kundi la ginko na 246 kwenye kundi jingine. Wafaransa nao walifanya jaribio la miaka mitano kwa watu 2,854 wa miaka 70 na kuendelea waliolalamika kwamba wanasahau, wakatangaza matokeo mwaka 2012. Alzheimer iliwapata 61 waliomeza ginko na 73 waliomeza vidonge vitupu, tofauti ndogo ambayo bahati peke yake inaweza kuileta.

Kwa swali la kuzuia, basi, habari imekwisha. Mtu mzima asiye na tatizo anayemeza ginko ili asije akasahau uzeeni anatupa pesa.

Kwa mtu ambaye tayari ana demensia, jibu halijanyooka hivyo. Baadhi ya majaribio ya Ulaya ya miligramu 240 kwa siku yalionyesha nafuu ndogo, hasa kwa wagonjwa wenye wasiwasi na kukosa utulivu, na mwaka 2015 kamati ya mitishamba ya mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikubali kamuo hilo litumike kwa demensia isiyo kali. Majaribio mengine hayakuona kitu. Mengi ya yaliyoona yalilipiwa na mtengenezaji, na mimi huyasoma nikilijua hilo. Tena hata anayeyakubali anakubali kamuo lenye vipimo vile vya 24 na 6. Chupa isiyosema imebeba kamuo gani, au iliyojaza unga wa majani tu, ni mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini tafiti nyingi zinasema "inafaa"?

Ukitafuta mtandaoni utakutana na makala za kisayansi zisizohesabika zikisema mmea huu au ule wa Kichina unalinda ubongo. Sehemu kubwa ni za panya au za seli kwenye kisahani. Panya aliyepewa sumu ya kumsahaulisha kisha akapewa yuanzhi akakumbuka njia hana Alzheimer. Ana sumu. Dawa nyingi za viwandani, zenye mabilioni ya dola nyuma yake, zimewaponya panya hao hao na kufeli kwa binadamu.

Kwa majaribio ya binadamu kuna tatizo la pili. Mwaka 1998 watafiti Waingereza waliangalia majaribio ya tiba ya sindano za Kichina yaliyotoka nchi mbalimbali, wakakuta yote yaliyotoka China yalitoa jibu zuri. Yote. Hakuna tiba duniani, hata ile inayofanya kazi, inayoshinda kila mara, na hali hiyo maana yake ni kwamba majaribio yaliyoshindwa yalibaki kwenye makabati. Mambo yamekuwa yakirekebishwa tangu hapo, lakini wachambuzi wa mitishamba ya ubongo bado hulalamikia majaribio mafupi, madogo, ambayo mgonjwa na daktari walijua nani amepewa nini.

Hapo niwatetee kidogo matabibu. Si rahisi kuficha dawa ya kuchemsha. Utatengenezaje kikombe cha maji meusi, machungu, yenye harufu ya mizizi, lakini kisicho na dawa ndani? Na ukiwapa wale bibi wawili mchanganyiko mmoja ili jaribio liwe safi, tabibu atakwambia umemtibu mmoja na kumkosea mwingine. Ukiruhusu kila mmoja apewe wake, takwimu zinakuwa ngumu kusoma. Yapo majaribio yaliyovuka kikwazo hiki kwa kutumia vidonge na kuwagawa wagonjwa kwa hali zao, ila bado ni machache. Ninavyoona, mchanganyiko wa kale haujathibitishwa na haujakanushwa. Haujapimwa sawasawa. Muuzaji anapogeuza "haujapimwa" kuwa "umethibitishwa", ndipo anapoanza kudanganya.

Wajapani wana kisa kimoja kinachovutia. Mchanganyiko wa mimea saba ulioandikwa China enzi za wafalme wa Ming kwa watoto walialiao na kukasirika usiku, ambao wao huuita yokukansan, sasa hutolewa kwa wazee wenye demensia wanaofoka, wanaopiga, au wanaoona vitu visivyokuwepo. Hawadai kwamba unarudisha kumbukumbu. Majaribio yake yametofautiana, lakini swali lenyewe ni la maana: anayemuuguza mzee huchoshwa na usiku wa kelele kuliko tarehe zilizosahauliwa. Ndani yake kuna urukususu, ambao ukitumiwa sana hushusha potasiamu mwilini na kupandisha presha.

"Ni majani tu, hayana madhara"

Sentensi hiyo ndiyo hatari kuliko zote. Mapema miaka ya 1990, Ubelgiji, wanawake zaidi ya mia moja waliharibikiwa figo baada ya kutumia dawa ya kupunguza unene yenye mitishamba ya Kichina. Mzizi mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nao, na huo wa pili ulikuwa na asidi aristolokia, sumu ya figo ambayo pia husababisha saratani. Heshouwu, mzizi maarufu unaouzwa kurudisha weusi wa nywele na nguvu za uzeeni, umewaumiza watu ini katika nchi mbalimbali.

Kwa mzee, hatari ya karibu zaidi ni kugongana kwa dawa. Danshen, mzizi mwekundu unaopewa wenye matatizo ya moyo na mishipa, huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na mtu anaweza kuvuja damu. Ginko nayo haifai kuchanganywa kiholela na warfarini au aspirini, na inatakiwa iachwe kabla ya upasuaji. Huperzini ikiunganishwa na donepezili ni dozi mbili za kazi moja: mapigo ya moyo hushuka, tumbo huchafuka, mzee anaanguka. Sasa mfikirie mzee wetu wa kawaida: ana vidonge vya presha, vya sukari, aspirini ya kila asubuhi, na kwenye kabati chupa aliyoletewa na mwanawe kutoka mjini. Akienda kliniki anataja tatu za kwanza. Ya nne haitaji, kwa sababu kwake si dawa, ni majani.

Kabla ya chupa

Kuna wazee wanaopelekwa kutafutiwa mitishamba wakiwa na ugonjwa unaotibika. Tezi ya shingo iliyopungua kazi husahaulisha. Upungufu wa vitamini B12 husahaulisha, na mtu anayetumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi yuko kwenye hatari hiyo. Sonona ya mjane hufanana sana na demensia. Vidonge vya usingizi na baadhi ya dawa za mafua na mzio huvuruga akili ya mzee. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumfanya bibi azungumze na marehemu ndani ya siku mbili. Vipimo vya mambo haya ni vya kawaida, na vingine ni bei ndogo kuliko chupa ya mwezi mmoja.

Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ilitoa mwaka 2024 orodha ya mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa tangu utotoni, yangezuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Humo mna presha, kisukari, lehemu, sigara, pombe, upweke, macho yasiyoona vizuri, hewa chafu, elimu ndogo utotoni, na kutosikia. Hili la kutosikia hatulijali kabisa. Mzee akiwa kiziwi kidogo tunapaza sauti mara mbili tatu, kisha tunaacha kuongea naye.

Kwa waliokwisha kuugua, kule Hai, kilijaribiwa kitu kisicho na mmea wala kidonge: wazee wenye demensia walikutanishwa vikundi vikundi kwa majuma saba, mara mbili kwa juma, kwa michezo, nyimbo na mazungumzo ya mambo ya zamani, wakiongozwa na wahudumu wa afya. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo matokeo yasikuzwe, lakini vipimo vyao vya akili vilipanda. Watu hawakuhitaji mashine.

Mwenye moyo wa kumtafuta tabibu wa Kichina baada ya hayo, sina ugomvi naye. Amtafute anayeshika mapigo, anayeuliza usingizi na choo, na anayetaka kuona dawa zote nyingine. Tanzania Bara, wa tiba asili na tiba mbadala husajiliwa na Baraza lao, na mtu ana haki ya kuuliza namba ya usajili. Aweke muda, tuseme miezi mitatu, na aandike tangu siku ya kwanza mambo mawili matatu anayotaka yabadilike: mzee analala saa ngapi, anavaa mwenyewe au anavalishwa, anapotea au hapotei. Miezi ikiisha, asome alichoandika kabla hajanunua tena. Na siku ya kliniki, chupa iingie kwenye mfuko mmoja na vidonge vya presha, zote zimwagwe mezani kwa daktari.